Pua ya Arethusa

Mwezi wa Karneio, siku ya nne. Siku ya Herme.

Nimenunua kibao hiki cha nta leo asubuhi. Watu wakubwa huweka kumbukumbu. Mimi bado si mkubwa, lakini tangu mpiga mbiu apite nimeanza kuelekea huko.

Habari yenyewe: wakuu wa nyumba ya fedha wanataka sura mpya kwa ile sarafu kubwa ya drakma nne. Mbele, kichwa cha Arethusa, yule nimfu aliyegeuka kuwa chemchemi yetu, na pomboo wamzunguke. Nyuma, gari la farasi wanne, na Nike, mungu wa ushindi, akishuka kutoka juu na taji. Mafundi walete mihuri yao ya kugongea sarafu siku ya kumi na mbili. Atakayeshinda ataruhusiwa kuchonga jina lake kwenye fedha ya Sirakusa.

Jina lake! Jina langu! Sopatro, kwa herufi ndogo, lakini za fedha. Litafika Karthago. Litafika Athene. Marehemu baba alisema mimi sitafika hata Katane hapo jirani. Sasa nitafika kila mahali bila kuvaa viatu.

Kwa sasa nachonga mihuri ya pete. Nyuki, kondoo dume, masuke ya shayiri. Watu hufungia mitungi ya mafuta ili watumwa wasidokoe. Watumwa wanadokoa vile vile.

Mafundi wa kazi hii mjini ni wawili tu: mimi na Lamisko. Tulifundishwa kwenye benchi moja. Lamisko ana subira, ambayo ni aina ya ujinga. Anaweza kukaa kutwa akilitazama yai. Mimi nina mipango.

Jioni nikamweleza mke wangu, Filinna. Akaweka mwiko chini. Akaniuliza kama ningependa akae nimchonge yeye; alisema kutwa yuko kwenye mtambo wa kufumia, kugeuza shingo upande si kazi. Nikacheka, lakini kwa upole. Nikamkumbusha kwamba Arethusa ni yule ambaye mto Alfeo ulimtamani kule Olimpia, akakimbia, nao mto ukamfuata chini ya bahari nzima mpaka hapa kwetu. Nikamwambia, mke wangu, kwa pua hiyo mto usingevuka hata barabara.

Hakucheka. Dengu zimeungua. Sijui alikuwa anawaza nini.

Siku ya tano. Haina mungu wake. Wazee wanasema ni siku mbaya kwa kila kitu.

Wazee waongo. Leo nimepata sura.

Hesabu yangu ni hii. Mwenye sauti kati ya wakuu wa nyumba ya fedha ni mzee Damarato. Damarato ana mke kijana, anayesifiwa mji mzima, na ambaye hakuna aliyemwona kwa sababu hatoki nje. Nikimchonga mkewe kuwa Arethusa, Damarato ataweza kumkataa? Akatae uso wa mke wake mbele ya watu? Mume gani huyo!

Nyuma ya nyumba yake kuna mtini. Nikaupanda mchana watu wamelala. Nikasubiri. Tini hazijaiva, nimezila kwa wasiwasi. Mwishowe akatoka uani mwanamke, akakaa upande upande kana kwamba nimemwagiza. Pua kama usukani wa merikebu! Kidevu cha jemadari! Heshima tupu. Nikamchora haraka kwenye nta. Nilipofika sikioni, tawi likakatika.

Mbwa wa Damarato ni wawili. Mchoro umepona. Joho halikupona.

Filinna amelishona joho bila kuuliza lolote. Tumbo linaniuma.

Siku ya sita. Siku ya Artemi.

Nimeanza kuchonga. Mlango nimeufunga.

Filinna alisimama nje ya mlango akasema mama yake Lamisko amemwomba awe anakwenda kwao kila mchana kukaa. Akauliza kama naruhusu. Nadhani alieleza pia ni kukaa kwa kazi gani, lakini nilikuwa natafuta mahali pa kuweka jina langu. Nikasema nenda, nenda.

Halafu nikashtuka. Lamisko anaishi na mama yake! Karakana yake iko uani hapo hapo! Nikamwita Filinna arudi. Nikamwambia akae huko vizuri, akae sana, afungue macho, na kila jioni aniletee habari za kazi ya Lamisko.

Akanitazama. "Unataka nikuambie kila kitu?"

Nikamwambia kila kitu.

"Haya," akasema. "Sitakuficha."

Mke mwaminifu ni hazina. Nina jasusi ndani ya nyumba ya adui, na adui mwenyewe ndiye aliyemkaribisha! Jina nimeliweka kwenye utepe wa nywele za Arethusa. Linapendeza.

Siku ya saba. Siku ya Apolo.

Ripoti ya kwanza. Lamisko hajachonga kitu. Ametazama tu, kutwa. Nikauliza anatazama nini. Filinna akasema, uso. Uso wa nani? Akasema, wa mwanamke aliyekaa pale.

Nimecheka mpaka nikajikata kidole. Kumbe maskini ameokota mwanamke wa mtaani, na mimi nina mke wa mkuu! Nikauliza huyo mwanamke yukoje. Filinna akafikiri kidogo. Akasema ni mtu wa kawaida tu, ila Lamisko anasema ana pua nzuri.

Masikini Lamisko. Subira imemla akili.

Filinna ameanza kuzikusanya nywele nyuma ndani ya wavu. Nikamwambia ni jambo jema, hazitaingia kwenye chakula.

Nimelitazama tena jina langu kwenye utepe. Dogo. Nimeliongeza juu ya pomboo mmoja.

Siku ya nane. Siku ya Poseidoni.

Nimeweka jina kwenye pomboo wote. Na shingoni. Na upande wa nyuma, chini ya farasi. Nafasi imekuwa finyu kidogo, kwa hiyo Nike amebaki miguu tu, inaning'inia kutoka juu. Mwenye akili atajua miguu ni ya nani.

Ripoti: Lamisko amefika kwenye nywele. Anachonga unywele mmoja mmoja. Filinna amerudi akijisugua shingo. Nikampa pole. Nikamwambia upelelezi si kazi ya mchezo.

Lakini nina wasiwasi. Nimegonga nakala moja kwenye kipande cha madini laini ya risasi, nikamtazama Arethusa wangu, naye akanitazama. Ana ujemadari kidogo. Sikupenda. Nahitaji msaada wa mbinguni, na kwa uzoefu wangu msaada wa mbinguni hauji wenyewe, lazima uandaliwe.

Basi nimeuandaa. Kila mtu Sirakusa anajua kwamba kitu kikitupwa mtoni Alfeo kule Olimpia, hupita chini ya bahari na kuibuka katika chemchemi yetu. Kila mtu ana mjomba aliyeona kikombe kikiibuka. Sijakutana na mjomba mwenyewe hata mmoja, lakini wapo. Siku ya kumi wakuu wanakwenda chemchemini kumwaga divai. Mbele ya macho yao kitaibuka kikombe. Ndani ya kikombe, nakala ya Arethusa wangu. Yaani mto wenyewe, uliomkimbiza chini ya bahari, unaomjua kuliko mtu yeyote, unasema: huyu ndiye! Nani atabishana na mchumba?

Nimeshindwa kula kwa furaha. Filinna amekula dengu zangu.

Siku ya tisa.

Alfajiri nilikwenda chemchemini kufanya jaribio. Kikombe cha udongo, nakala ndani. Kilizama papo hapo. Samaki watakatifu wakaja kukizunguka. Ni wanene kupita kiasi, kwa kuwa hakuna ruhusa ya kuwavua wala kuwagusa, nao wanalijua hilo. Mmoja akameza nakala. Kwa hiyo sasa kuna samaki wa mungu anayetembea na mke wa Damarato tumboni. Sikuona la kufanya.

Nikagonga nakala nyingine. Ikabidi kikombe kiwe cha mbao. Nyumbani hatuna. Kilabuni kwa Mirtale vimejaa. Nikaenda, nikanywa divai yake, ambayo ni siki iliyobadilishwa jina, nikatoka na kikombe chini ya joho. Si wizi. Kinakwenda kwa mungu.

Nakala nimeigandisha ndani kwa nta. Kikombe nimekifunga kwa uzi kwenye jiwe, chini ya maji, kati ya matete. Sikukiosha. Kitalala majini, kitajiosha. Na kinaelea! Kinauvuta uzi kama mbuzi aliyeona majani.

Ripoti: Lamisko amemaliza pua. Filinna alisema yeye alipoiona alishindwa hata kuaga. Nikamwambia asimsikitikie, pua ikiwa mbaya ni shauri la Lamisko. Akasema haikuwa mbaya. Ana huruma sana, mke wangu. Huruma itamponza.

Siku ya kumi.

Nimelowa. Naandika hivyo hivyo.

Jua lilinikuta kwenye matete. Wakuu wakaja, mama kuhani mbele, watu wengi nyuma. Lamisko alikuwepo na mama yake. Filinna alisimama nao, bado anajifanya mmoja wao. Jasusi hodari!

Damarato akamwaga divai. Nikakata uzi.

Kikaibuka! Kilitoa mlio kama wa mtu anayecheua. Kikayumba, kikakaa wima chenyewe, kikaanza safari taratibu, moja kwa moja, mpaka miguuni pa Damarato. Sijawahi kupanga jambo likaenda vizuri namna ile. Mama kuhani akainua mikono. Watu wakapiga kelele, Alfeo! Alfeo! Mzee mmoja alilia akisema mjomba wake alikuwa mkweli. Mimi mwenyewe niliamini kidogo.

Damarato akakiokota. Akakinusa. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba ni ajabu kikombe kimepita chini ya bahari ya chumvi kutoka Olimpia na bado kinanuka siki.

"Siki?" Sauti ikatoka nyuma. Mirtale! Akapenya kwa mabega mpaka mbele. "Hebu nikione. Ah! Kikombe changu hiki, jamani! Tazameni ukingoni, hapa ndipo mbwa wangu alipotafuna. Mto gani? Tangu lini mto unanywea kwangu? Na kama unanywea, mbona haujawahi kulipa?"

Watu wakacheka mpaka wakashikana. Ningeweza kunyamaza, matete ni marefu. Lakini Damarato alikuwa bado hajatazama ndani, na mpango wote ulikuwa ndani. Nikasimama. Nikasema kwa sauti kuu kwamba mbwa si hoja, watazame ndani!

Nilikuwa na kisu mkono mmoja na uzi mkono wa pili. Maji magotini. Samaki wananidonoa vidole vya miguu, nadhani walidhani nimeleta nakala nyingine.

Damarato akatazama ndani. Akakisogeza kikombe mbali na macho. Akakirudisha karibu. Rangi ikamtoka.

"Mama mkwe?" akasema.

Hakuwa mke wake. Mimi ningejuaje kwamba mama wa mke wake anaishi nao? Hakuna aliyeniambia. Watu wa mji huu wana choyo hata cha habari. Damarato akanigeukia, polepole. "Wewe fundi. Huyu ninaye asubuhi. Ninaye mchana. Ninaye jioni. Unataka nimtie na mfukoni?"

Hakuuliza nilimwona wapi. Nadhani mbwa walishamweleza.

Mama kuhani amesema aliyeingia katika maji ya Arethusa na makubazi yake miguuni lazima amtumikie Arethusa. Kila alfajiri nitawalisha samaki mkate wa shayiri mpaka mwezi mwingine uandame. Nikauliza kama huo ni ukuhani. Akasema hapana. Mirtale anataka kikombe chake, kikiwa safi.

Siku ya kumi na moja.

Samaki wamekula. Hawashukuru.

Mchana akaja mtumwa wa kike kutoka kwa Damarato. Nikajificha nyuma ya mtambo wa Filinna. Kumbe katumwa na mama mkwe! Mama mkwe amefurahi sana. Anasema tangu afiwe na mumewe hakuna mtu aliyemtazama usoni, isipokuwa mkwewe, na huyo humtazama kwa jicho moja. Anaomba nakala. Ameniletea kapu la tini, za ule ule mtini.

Nikamwonyesha Filinna kapu. Nikamwambia, unaona? Kazi yangu inagusa mioyo. Filinna akashika tini moja, akaizungusha mkononi, hakuila. Akasema, "Kwa hiyo hata yeye."

Nikamuuliza hata yeye nini. Akasema basi.

Siku ya kumi na mbili.

Wamempa Lamisko.

Kwenye kazi yangu Damarato aliuliza jambo moja tu: miguu ya nani? Mkuu wa pili alianza kusoma jina langu mahali pote lilipo, akachoka njiani, akataka kujua kama hii ni sarafu ya Sirakusa au ya Sopatro. Wa tatu alikuwa anakula zeituni.

Ya Lamisko wakaipitisha mkono kwa mkono, kila mmoja akichelewa kuiachia. Ilipofika kwangu nikaitazama vizuri, ili nijue kosa liko wapi. Nywele ziko ndani ya wavu. Shingo imenyooka. Mdomo kama wa mtu aliyetaka kusema neno akaamua asiseme. Pua si ya nimfu, lakini ukianza kuitazama huachi. Mwanamke huyo nimewahi kumwona mahali. Pengine ndiye anayeuza vitunguu kwenye lango la kaskazini.

Nilipoinua macho, watu wote walikuwa wamegeuka wanamtazama Filinna pale mlangoni waliposimama wanawake. Naye ameinama, macho yamejaa machozi. Alikuwa analia kwa ajili yangu! Nikaguswa. Nikamwambia mbele ya watu wote asilie, fundi akishindwa leo kesho atashinda. Mtu nyuma yangu akapaliwa.

Lamisko akaja akanishika bega. "Kaka Sopatro," akasema, "asante kwa ile ruhusa."

Ruhusa gani? Ushindi umeshampanda kichwani.

Jina lake kaliweka mahali pamoja tu, chini kabisa, dogo. Inabidi ulitafute. Hajui kujitangaza.

Mwezi mpya, siku ya sita. Siku ya Artemi tena.

Samaki nimemaliza kuwalisha. Sasa naandika jambo ambalo mkono hautaki.

Fedha mpya zimetoka. Sura ile ile wameitia na kwenye sarafu ndogo, zile za chenji. Nilikwenda sokoni kununua kipande cha jodari. Muuza samaki akaingiza kidole shavuni anakoweka fedha zake, kama sisi sote, akatoa kidogo kidogo chenji yangu, akanipa.

"Samahani, shemeji," akasema. "Niko naye shavuni tangu asubuhi. Msalimie nyumbani."

Soko likacheka. Nikamuuliza nimsalimie nani.

"Mkeo, nani tena? Kwani wewe hujamwona?"

Nikaifuta sarafu kwa joho. Nikaitazama. Nikakaa juu ya kapu la dagaa, na hakuna aliyenizuia.

Filinna. Pua yake, ile ile. Mdomo wake, ule anaoufunga ninapoanza kumweleza mipango. Miaka yote hii nakula naye, na imebidi nimwone mbele ya mizani ya samaki, mdogo kama ukucha, amelowa mate ya mtu. Ni mzuri! Mke wangu ni mzuri, na mji mzima umejua kabla yangu. Niliona aibu. Kisha hasira. Kisha aibu ikarudi ikakaa.

Nikaenda nyumbani. Nikaweka sarafu mezani. Filinna hakuacha kufuma. Akasema nilimtaka aniambie kila kitu, na aliniambia kila kitu. Nimekipitia kibao hiki. Ni kweli tupu.

"Nilikuuliza wewe kwanza," akasema.

Nilitaka kusema, nisamehe. Nikasema Lamisko amekosea sikio.

Akaacha kufuma. Akasema mama yake Lamisko alikuwa pale siku zote akisokota sufu, na Lamisko hakumgusa hata ncha ya nguo. Alimtazama tu, kwa ajili ya kazi. "Lakini nilitazamwa, Sopatro. Wewe hujui maana ya kutazamwa. Ulinitazama siku ya harusi, ukaona inatosha."

Kisha akasogeza kigoda kwenye mwanga wa mlango. Akakaa. Akageuza shingo upande. "Haya. Nichore wewe sasa. Si ya wakuu, si ya mtu. Ya humu ndani. Ukishindwa, mimi kesho narudi kwa baba yangu kule Akrai, na sitarudi kwa kubembelezwa."

Nikachukua nta. Nikaanza na paji la uso. Nikashuka mpaka puani, na naapa kwa Arethusa mwenyewe, nilimwona. Kuna kovu dogo chini ya sikio ambalo sikulijua. Kuna nywele fupi shingoni ambazo wavu hauzishiki. Nikawaza, huyu nisimwache aende.

Halafu nikakumbuka mpiga mbiu. Alikuwa amepita sokoni wakati niko juu ya kapu. Watu wa mji wa Akraga wanataka fundi wa sarafu zao! Upande mmoja tai, upande wa pili kaa. Kaa! Kaa hana pua!

Nikamwambia Filinna ainue mikono yote miwili, akunje viwiko, abane vidole. Akauliza, tangu lini Arethusa ana mikono? Nikamwambia Arethusa hana, lakini kaa anayo.

Alibaki ameinua mikono hivyo hivyo kwa muda mrefu, akinitazama. Ilikuwa inafaa kabisa. Kisha akaishusha.

Siku ya saba. Siku ya Apolo.

Filinna ameondoka asubuhi na punda wa kaka yake. Mtambo wameufungua vipande vipande. Ukutani umebaki mstari mweupe ulipokuwa umesimama.

Alipokuwa tayari amekaa juu ya punda akatoa kitu kilichofungwa kwenye sufu. Drakma nne, ile ya kwanza kabisa kugongwa, Lamisko alimpa kama shukrani. Akaniwekea mkononi, akanikunja vidole. "Chukua wewe. Mimi uso wangu ninao. Ukitaka kunikumbuka, nitazame."

Nikamwambia nikitoka Akraga nitapita Akrai kumchukua, nikiwa na jina.

"Njoo na macho," akasema.

Nyumba imekuwa kubwa. Nimepika dengu. Zimeungua. Nimemtazama Filinna kwenye mwanga wa mlango mpaka mwanga ukaisha, na sioni aibu kuandika kwamba nimelia. Nimeapa kwamba sarafu hii haitatoka mkononi mwangu mpaka siku ya kufa, na hata siku hiyo waniwekee mdomoni ya mtu mwingine ya kumlipa mvushaji wa mto wa wafu.

Siku ya kumi na moja. Gela, njiani kwenda Akraga, nyumba ya wageni.

Miguu inauma. Akili iko sawa. Njiani nimepata muda wa kuchunguza nilipokosea Sirakusa, na nimepaona. Ni yule mbwa wa Mirtale. Mpango ulikuwa mzuri, kikombe kilikuwa kimetafunwa.

Akraga nao wana mto, na mto wao ni mungu. Mungu wa mto hawezi kukosa neno la kusema kuhusu kaa.

Mwenye nyumba hii ana kikombe cha mbao, kizuri sana, ukingo mzima, hakinuki kitu. Hakutaka kukitoa, alisema ni cha babake. Nikamwonyesha fedha. Akaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Akakaa nayo. Akamwita mkewe aje aone. Akasema huku kwao kwenye fedha wana fahali tu, fahali mwenye uso wa mzee, ndiye mungu wa mto wao, wamemchoka. Huyu mwanamke ni nani?

Nikamwambia ni mke wangu.

Hawakuamini, yeye na mkewe. Akanitazama kuanzia viatu kupanda juu. Akaniuliza, kama kweli ni mkeo, mbona unamtoa kwa kikombe?

Nikamweleza kwamba ni kikombe kizuri.

Chenji amenipa ya mafahali. Nimewatia shavuni, wananibana kidogo ninapoongea. Kikombe nimekijaribu kwenye ndoo ya punda. Kinaelea.